Milango 14 ya saiprasi, miwili imetoka mabaka kama chui: kosa ni la mbao, la msasa au la baridi?

#1 JikoLangu
Hamjambo wadau. Nina milango 14 ya kabati za jikoni, saiprasi tupu, haijaguswa na vanishi wala rangi. Fundi aliniletea Kahawa West wiki tatu zilizopita, nikamwambia kupaka nitapaka mwenyewe. Si ubahili. Tangu 2009 nimehama nyumba za kupanga, na kila jiko nililoingia nilikuta kabati za rangi aliyoichagua mtu mwingine. Hizi ndizo za kwanza kuwa zangu, nataka zipite mikononi mwangu.

Jumapili nilianza na miwili ya chini ya sinki. Nikapiga msasa namba 120, nikafuta vumbi, nikapaka steini ya mafuta ya rangi ya mahogani kwa kitambaa cha pamba, nikangoja dakika 10, nikapangusa. Ilipokauka nilikaa chini. Pembeni mwa fundo kuna duara jeusi. Katikati ya paneli kuna wingu jekundu lisilo na kichwa wala mkia. Pale fremu inapokutana na paneli kuna vidoa vyeupe vya ukubwa wa ukucha, havikunywa rangi hata kidogo. Ncha za juu na chini nazo zimekuwa nyeusi kama zimebabuliwa na moto.

Nimeuliza watu watatu. Fundi anasema ni dawa niliyonunua. Muuza rangi anasema ni msasa. Jirani anasema saiprasi ndivyo ilivyo, nipake rangi nyeupe nimalize. Nani ana ukweli? Milango 12 imeegemea ukuta na sitaigusa mpaka nielewe.

#2 Mtaani_Pipeline
Mskize jirani. Rangi nyeupe, kazi imeisha, upike.

#3 Randa_na_Patasi
Dada, pole. Umeeleza vizuri, na ndiyo maana naona hapo kuna mambo matatu yamegongana siku moja.

Vidoa vyeupe ni gundi. Fundi alipobana fremu, gundi nyeupe ilitoka kwenye maungio akaipangusa kwa kidole au kitambaa chenye maji. Ukiangalia huioni, lakini imeingia kwenye vinyweleo vya mbao na kuvifunga, steini haipiti. Ncha nyeusi ni kwa sababu pale nyuzi zimekatwa. Mbao ni kama mafungu ya mirija midogo, na ukiikata ncha umefungua midomo ya mirija yote. Itakunywa rangi mara kadhaa zaidi ya uso wa ubao. Wingu la katikati ndilo gumu. Saiprasi na paini hazina ugumu sawa kila mahali, na nyuzi zikijipinda kuzunguka fundo, sehemu moja inakunywa na nyingine inakataa.

Milango 12 iliyobaki kabla hujaipaka chochote, chukua kitambaa chenye tapentaini ulowanishe uso wote. Kwa dakika moja au mbili utaona kila kitu: gundi itabaki nyeupe, mikwaruzo itajitokeza, na sehemu zenye kiu zitakuwa nyeusi zaidi. Tapentaini ikikauka hakuna kilichoharibika.

#4 MzeeWaGikomba
Hayo ya gundi nakubali. Lakini mnaruka jambo la kwanza kabisa: mbao ilikuwa mbichi. Nimeuza mbao Gikomba miaka mingi, najua zinavyofika. Saiprasi inapasuliwa leo, Ijumaa iko sokoni, Jumatatu ni mlango. Mbao yenye maji ndani haiwezi kunywa mafuta sawasawa. Mahali palipokauka pananywa, penye maji panakataa, mnaita mabaka.

Binti, pima hivi. Chukua mlango mmoja uuweke kwenye mizani, uandike kilo. Uache ndani ya nyumba, upime tena baada ya siku tatu, na tena baada ya siku tatu. Kama uzito unashuka, bado unakauka, usipake kitu.

#5 Mkemia_Madaraka
Mzee, heshima zako, ila milango imekaa ndani wiki tatu. Uso umekauka hata kama kiini hakijakauka, na steini ya mafuta inaingia usoni tu, haifiki kwenye kiini.

Mimi naona baridi. Tuko Julai. Nairobi iko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, na mwezi huu jua linaweza kukosekana wiki nzima. Steini na vanishi za mafuta hazikauki kwa kunyauka tu kama maji kwenye nguo. Zinavuta oksijeni ya hewa na kugeuka kuwa ngumu, na baridi inachelewesha kazi hiyo. Aliposubiri dakika 10, huenda kulikuwa kama dakika tano za Februari.

#6 Randa_na_Patasi
@Mkemia_Madaraka baridi itachelewesha kukauka, sawa, lakini haichori duara kuzunguka fundo. Hewa ilikuwa ile ile mlango mzima.

#7 Mkemia_Madaraka
Kweli, hapo umenibana. Duara la fundo si la baridi. Lakini naendelea kusema asipake vanishi ya juu asubuhi ya ukungu.

#8 Shangazi_Embakasi
Mwanangu JikoLangu, usilie. Mimi nilipaka milango ya paini mwaka 2016, 18 kwa jumla, na ya kwanza minne ilitoka hivyo hivyo. Mzee mmoja jirani yangu, seremala aliyefunzwa na mafundi wa Kihindi zamani, aliniambia nimekosa kuituliza kiu mbao kabla ya kuipaka. Aliniloweshea shelaki, ule utomvu mkavu wa wadudu wa kung'arishia mbao, kwenye spiriti ndani ya chupa ya soda usiku kucha. Asubuhi akaichuja kwa soksi ya nailoni, akaiongeza spiriti mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi. Nikapaka mkono mmoja tu, yaani tabaka moja, nikangoja ikauke, nikapitisha msasa 220 kwa mkono mwepesi sana, kisha ndipo nikapaka steini. Sehemu zenye kiu zilikuwa zimeshashiba shelaki, kwa hiyo rangi ikatulia. Ilitoka hafifu kuliko nilivyotaka, nikarudia mara ya pili.

Milango hiyo ipo hadi leo. Iliyo juu ya jiko ndiyo imeharibika, na hiyo ni hadithi nyingine.

#9 TotoWaKahawa
Shangazi, hadithi nyingine tunaitaka pia.

#10 Shangazi_Embakasi
Haya. Mlango wa juu ya meko ulipigwa na mvuke wa sufuria ya ugali na maharagwe kila siku. Vanishi ikaanza kupata ngozi nyeupe upande wa chini, kisha ikainuka kama gamba la kitunguu. Nilipoichunguza nikakuta ukingo wa chini, ule usioonekana ukisimama, sikuwa nimeupaka kabisa. Mvuke uliingia pale. Mwanangu, ukipaka, inama uangalie ukingo wa chini.

#11 KakaMbao
Naunga mkono ya ukingo, na niongeze upande wa nyuma. Watu wanapaka mbele mikono mitatu, nyuma mmoja au hakuna. Mbele imefungwa, nyuma iko wazi, unyevu unaingia upande mmoja na mlango unajikunja kama chapati iliyosahaulika. Mikono ya mbele ilingane na ya nyuma.

Kuhusu shelaki, ile ya kawaida ina nta ndani. Ukipaka vanishi ya poliurethani juu yake inaweza isishike vizuri. Kama ni shelaki ya chini tu, tafuta iliyoondolewa nta. Na isiwe ndiyo kifuniko cha mwisho jikoni: haipendi joto la sufuria, na spiriti inaiyeyusha.

#12 Mpwani_Bara
Mmenikumbusha kwetu. Nyinyi mnanunua msasa dukani kwa namba, babu yangu Kwale alikuwa anauchuma. Msasa ni mti, wa jamii ya mkuyu, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Alikuwa anasugulia mipini ya majembe na vijiko vya mbao. Jina la karatasi ya dukani limetoka kwenye mti huo.

#13 TotoWaKahawa
Leo nimejifunza. Majani yana namba ngapi?

#14 Mpwani_Bara
Jani bichi ni 220, jani kavu ukiligusa unahama mtaa.

#15 Fundi_Kariobangi
Nimesoma yote. Napaka kabati kila wiki hapa Kariobangi Light Industries na nasema waziwazi: kosa ni msasa. Alitumia 120 na kusimama hapo.

Ubao ukitoka kwenye mashine ya randa unang'aa, unaona laini, kumbe visu vimeuchua. Kama visu ni butu ndiyo mbaya zaidi, vinakandamiza nyuzi badala ya kuzikata. Mahali palipokandamizwa hapanywi. Msasa 120 ukipitishwa kwa haraka unaondoa mng'ao hapa na kuuacha pale, na steini inakuonyesha ramani ya mahali ulipopita na ulipokosa. Anza 120 mpaka uso wote uwe na sura moja bila mng'ao, kisha 150, kisha 180; namba ikipanda msasa ni laini zaidi. Fuata nyuzi, usizunguke. Kwenye ncha endelea mpaka 220 au hata 320 ili midomo ile izibe kidogo.

Na usipeleke uso wote hadi 320. Nimeona watu wanasugua mpaka ubao unakuwa kioo, halafu wanashangaa steini inateleza.

#16 Randa_na_Patasi
@Fundi_Kariobangi hayo ya visu butu ni kweli na sikuyataja. Lakini mtu akipiga msasa vizuri kabisa, paini na saiprasi bado zitatoa mabaka kidogo. Nimepiga kwa mkono hadi 180, nikiwa na taa ya pembeni kuona kila mkwaruzo, na wingu lilitoka.

#17 Fundi_Kariobangi
Wingu dogo, ndiyo. Si chui.

#18 Mtaani_Pipeline
Narudia: nyeupe.

#19 Shangazi_Embakasi
Wewe Pipeline, mbao yenye mafundo ukiipaka nyeupe bila kufunga mafundo, utomvu unatoka na kuchora madoa ya manjano baada ya miezi. Hata nyeupe ina kazi yake.

#20 Mtaani_Pipeline
Asante shangazi, hilo sikulijua. Nakaa kimya.

#21 MerunaKahawa
Kwa nini hamkumshauri achukue Meru oak? Nyuzi zinasoma vizuri, rangi inaingia bila vita.

#22 Randa_na_Patasi
Kwa sababu milango 14 tayari ni saiprasi. Na Meru oak bei yake unaijua.

#23 Mpwani_Bara
Halafu Meru oak si mwaloni, ni jina la sokoni. Ni ndugu wa mfudu wetu wa Pwani, ule wenye matunda meusi tuliyokuwa tukila tukitoka shule.

#24 MerunaKahawa
Ni kweli si mwaloni. Kwetu ni muuru. Lakini uzuri wake haubadiliki kwa jina.

#25 Mwanafunzi_wa_Mbao
Swali la mjinga: steini na vanishi si kitu kimoja? Nikienda dukani nikaomba ya kupaka mbao, naambiwa vanishi ya mahogani.

#26 KakaMbao
Si swali la mjinga, linawapotezea watu milango. Steini ni rangi inayoingia ndani ya mbao, haikingi kitu. Vanishi ni ngozi inayokaa juu na kukinga. Hiyo ya dukani ni vanishi yenye rangi ndani yake, vyote viwili kwa pamoja. Ubaya wake, kila mkono unaoongeza unazidisha giza, na brashi ikipishana unaona mistari. Uzuri wake, haina haja ya kuingia kwenye mbao, kwa hiyo mabaka yanapungua sana. Ipo pia steini nzito kama mafuta ya kujipaka, nayo inakaa karibu na uso na haipenyi sana. Kwa saiprasi ningeanza na hiyo.

#27 JikoLangu
Nimerudi. Asanteni nyote, nimesoma kila neno mara mbili.

Leo mchana nilifanya ya tapentaini kwa milango yote 12, nje, kwenye meza. @Randa_na_Patasi, ilikuwa kama kusoma barua iliyoandikwa kwa maji ya limau. Milango tisa ina vidoa vya gundi kwenye maungio, vingine na alama ya kidole kabisa, unaona mistari ya kidole gumba. Nimevizungushia penseli. Na kwenye paneli nne kuna mawimbi madogo ya kupita upande, yamepangana sawasawa kama tambi, ambayo kwa mkono sikuyahisi. @Fundi_Kariobangi, nadhani hayo ndiyo visu vyako.

Lakini kuna mlango mmoja, namba 7. Hauna gundi, hauna mawimbi, hauna fundo. Na bado ulipolowana ulitoa wingu lile lile katikati. Huo nauelezaje?

@MzeeWaGikomba, nimepima minne pia. Mitatu haijabadilika tangu Jumatano. Namba 7 umeshuka gramu 90.

#28 MzeeWaGikomba
Nilisema.

#29 Randa_na_Patasi
Mzee, gramu 90 kwenye mlango mmoja, sawa, bado unakauka. Lakini wingu lilionekana kwa tapentaini, na tapentaini hupenya kufuata nyuzi. Ningependa kuona picha ya nyuzi. Paneli ikikatwa karibu na kitovu cha gogo, au mahali tawi lilipoanzia, nyuzi zinapanda na kushuka hata bila fundo kuonekana.

#30 MzeeWaGikomba
Na mimi ningependa kuona mlango huo baada ya mwezi, ukiwa mkavu. Ndipo tuzungumze.

#31 Mkemia_Madaraka
Na mimi ningependa kujua huo mlango ulikuwa umeegemea ukuta gani. Kama ni ukuta wa bafu, mnabishana bure.

#32 JikoLangu
Ni ukuta wa bafu.

#33 Mkemia_Madaraka
Basi.

#34 Randa_na_Patasi
Basi haijaisha. Uhamishe, lakini wingu litabaki.

#35 Baba_Wawili_Ruaka
Natoka nje ya ubishi kidogo kwa sababu hakuna aliyesema hili na linanisumbua. Dada, vitambaa ulivyofutia steini ya mafuta uliviweka wapi?

Mimi nilifunga vitambaa vya mafuta ya kitani kwenye mfuko wa plastiki nikauacha kwenye kona ya veranda. Baada ya saa chache mke wangu alisikia harufu ya kitu kinachoungua. Mfuko ulikuwa umetoboka na kitambaa cha katikati kilikuwa kimegeuka kahawia, cha moto kukishika. Hakuna aliyekigusa kwa kiberiti. Ule uvutaji wa oksijeni aliousema Mkemia unatoa joto, na kitambaa kikikunjwa joto halina pa kwenda. Watoto wangu walikuwa wanalala chumba cha ukuta ule. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au uvitie kwenye debe la maji lenye kifuniko. Tafadhali.

#36 JikoLangu
Vilikuwa kwenye ndoo, vimekunjwa, chini ya sinki. Nimeshavitoa sasa hivi usiku huu na kuvitandaza kwenye uzio. Asante baba, sikujua kabisa.

#37 Fundi_Kariobangi
Hilo ni la maana kuliko yote tuliyoandika. Na ukifika kwenye laka ya kupulizia, ile ngozi ya mwisho badala ya vanishi, usipulizie ndani karibu na meko ya gesi. Mvuke wa thina, ile ya kuyeyushia laka, ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka ukutane na moto.

#38 TotoWaKahawa
Kwani apulizie au apake kwa brashi?

#39 Fundi_Kariobangi
Kupulizia. Laka inakauka kwa dakika, vumbi halipati nafasi ya kukaa.

#40 KakaMbao
Laka ya kawaida jikoni haivumilii maji kama poliurethani. Na Julai hii ukipulizia asubuhi yenye unyevu inakuwa nyeupe kama maziwa: thina inanyauka haraka, inapoza uso, umande unaingia ndani ya laka kabla haijafunga. Mtu anayepaka nyumbani, brashi nzuri, poliurethani ya mafuta, mikono mitatu, msasa 320 mwepesi katikati, siku nzima kati ya mkono na mkono. Kwa baridi hii, siku mbili.

#41 Fundi_Kariobangi
Ipo laka ya kuchanganya na kigumisho, hiyo inavumilia maji. Na kwa weupe ule kuna thina ya polepole. Ila nakubali, bila kompresa na barakoa ya maana, asijaribu.

#42 KakaMbao
Jambo la mwisho kuhusu paneli. Haikugundishwa kwenye fremu, inaelea kwenye mfereji wake, na ndivyo inavyotakiwa ili ipumue. Januari na Februari itasinyaa. Ukipaka sasa bila kusukuma rangi ndani ya mfereji, utaona mstari mweupe kando ya kila paneli hali ya hewa ikikauka. Sukuma paneli kwa kidole gumba upande mmoja, paka ukingo uliojitokeza, kisha sukuma upande wa pili.

#43 JikoLangu
Jumamosi tena. Fundi alinipa vipande vitano vya saiprasi vilivyobaki kwenye ile ile mbao. Gundi niliikwangua kwa patasi, nikapiga msasa 120, 150, 180 kwa milango mitatu. Lakini kwanza vipande.

Cha kwanza, steini moja kwa moja: chui. Cha pili, shelaki nyepesi ya Shangazi chini: mabaka yamepungua zaidi ya nusu, rangi ni ya chai ya maziwa. Cha tatu, steini nzito ya KakaMbao: imetulia kabisa, ila nyuzi zimefifia, unaona rangi zaidi kuliko mbao. Cha nne, shelaki kisha steini nzito. Hicho ndicho nimekiweka dirishani, na kila nikipita na kikombe nakigeuza kukitazama. Cha tano nimekipaka poliurethani tupu bila steini, na mama yangu alipokuja alikishika hicho, akasema, "Hii imekosa nini mpaka muitie rangi ya mti mwingine?"

Sasa sijui. Mlango namba 7 nimeuhamishia chumbani. Umeshuka gramu 40 nyingine, na nimeulowesha tapentaini jana. Wingu bado lipo, ila dogo.

#44 MzeeWaGikomba
Dogo!

#45 Randa_na_Patasi
Bado lipo!

#46 Shangazi_Embakasi
Mama yako ana jicho. Kipande cha tano kiweke mahali penye jua wiki mbili, saiprasi inaiva rangi yenyewe. Kisha utuwekee picha za vyote vitano pamoja, mchana, bila taa.